Togwa ya Mteja Mmoja

Jina la Kalunde lilipotokea kwenye simu yangu nilikuwa kibarazani nachambua mchele, kazi niliyoizoea tangu mke wangu alipotangulia mbele ya haki, na nikapokea kama nilivyozoea kupokea miaka yote: "We Mnyamwezi, bado hujafa tu?" Kwa kawaida yeye naye angejibu papo hapo, "Nife nikuachie nani dunia hii, Mzaramo mwizi we?" halafu ndipo tungeulizana habari za magoti, za wajukuu, za mvua kama imenyesha kwao au bado. Safari hii upande wa pili ulikuwa kimya. Nikadhani ni mtandao. Nikarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, na majirani zangu waliokuwa wanapita wakacheka, maana mchezo wetu walikuwa wanaujua. Ndipo nikaisikia sauti ya Nyamizi, mwanawe wa pekee. "Shikamoo, baba. Ni mimi. Mama ametutoka alfajiri ya leo." Nilibaki nimeushika ungo magotini, naangalia chuya na mchele vimechanganyika upya, kazi yote ya asubuhi imerudi pale pale. Nyamizi akasema mazishi ni keshokutwa, kisha akaongeza, "Alisema uje mwenyewe. Usitume mtu."

Nilijua naitiwa nini. Mimi ni Mzaramo na Kalunde alikuwa Mnyamwezi, na makabila yetu ni watani tangu enzi za wapagazi, wakati watu wa Unyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na kupumzika kwenye vijiji vyetu, wakatukanana na kulishana na kuzikana mpaka ikawa desturi. Mtani akifa, wewe ndiye unayevaa nguo zake na kutembea kama yeye mbele ya waombolezaji, unakohoa kikohozi chake, unafokea watu kwa sauti yake, unalala njiani jeneza lisipite, mpaka wenye uchungu wacheke hata kama hawataki. Ni kazi ya heshima, usione ilivyo. Ila ina sharti moja ambalo mtoto wa Kizaramo analijua kabla hajajua kufunga viatu: mtani halii. Wafiwa watalia, majirani watalia, mpita njia aliyekuja kula pilau atalia. Mtani akitoa chozi ameiharibu kazi na amewatukana wenye msiba. Nikapanda basi alfajiri ya siku iliyofuata. Kutoka Morogoro, ninakoishi sasa, hadi Dodoma, Manyoni, Itigi, njia ile ile waliyoipita wapagazi kwa miguu, mimi nimekaa dirishani nafanya mazoezi ya kumwigiza mwanamke niliyempenda kuliko kiumbe chochote nilichowahi kukitia machoni. Hayo nimeyasema sasa, na uzee huu, kwa kuwa hakuna tena wa kunicheka.

Nilifika Tabora mara ya kwanza nikiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, fundi wa mabehewa, nimepewa uhamisho wa mwaka mmoja kwenye karakana ya reli na chumba kimoja katika kota za wafanyakazi, nje kidogo ya mji. Zilikuwa nyumba za mstari, zote za rangi moja, zote na mlango mmoja mbele na mmoja nyuma, kiasi kwamba wiki ya kwanza niliingia mara mbili kwenye nyumba ya dereva wa treni na mara zote mbili mkewe akanikaribisha chai bila kuuliza nimefuata nini. Mwisho wa mstari, pale kota zilipokutana na mashamba ya karanga, ndipo kilipokuwa kilabu. Hakikuwa na jina wala kibao. Watu walisema tu "kwa Kalunde." Chumba kimoja kirefu kilichopakwa chokaa, mabenchi ya mninga yaliyong'arishwa na makalio ya watu, na nyuma yake chumba kidogo cha giza chenye mitungi ya wanzuki, pombe ya asali, karibu na moto, kimejaa harufu ya asali na moshi. Mwaka ule ulikuwa wa foleni za sukari. Sehemu nyingine watu walipika wanzuki ya hovyo, lakini Tabora asali haikukosekana, na Kalunde alikuwa na mizinga aliyoachiwa na mumewe, marehemu, huko porini, basi wanzuki yake ilikuwa ya asali tupu na watu walitoka Gongoni na Kanyenye kwa miguu kuifuata. Kilifunguliwa saa kumi jioni, watu wakitoka kazini, na jua likizama kinafungwa. Hakutaka ubishi juu ya hilo. Alikuwa na mtoto wa kulaza.

Siku ya kwanza nilipelekwa na mafundi wenzangu. Mgeni anakaa karibu na mlango, ndiyo taratibu, na hasogei ndani mpaka mtu amwite. Nikakaa. Kalunde akaja na kata mkononi, mwanamke mrefu, umri wake kama wangu, kitenge amekifunga juu ya kifua, akanitazama. "Wa wapi wewe?" Nikamwambia Kisarawe. Kilabu kizima kikaguna kwa furaha. "Mzaramo!" akasema. "Jamani fungeni kuku, mwizi ameingia." Nami nikajibu, "Nilisikia Wanyamwezi wamechoka kubeba mizigo ya watu, nikaja kuwapumzisha." Wakacheka, mzee mmoja akaniita benchi la ndani, na hapo nikawa mtu wa pale. Kisha nikaharibu kila kitu kwa kusema kwamba mimi pombe situmii. Usiulize kilabu kilisema nini. Mzaramo, fundi, kijana, amekuja kilabuni na hanywi! Waliuliza kama naumwa, kama nimetumwa na polisi, kama mama yangu anajua nilipo. Kalunde hakucheka. Alisema tu, "Basi kesho kutakuwa na togwa."

Na kesho yake ikawapo. Mtungi mdogo, wa kimo cha goti, umewekwa peke yake kwenye pembe ya chumba cha nyuma mbali na mitungi ya wanzuki, togwa ya mtama, tamu kwa mbali, ya ubaridi wa udongo. Ilikuwapo siku ile na siku zote za mwaka ule. Walevi walipouliza, aliwaambia ni ya mtoto, ya Nyamizi, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede kwa kushika mabenchi. Mtoto wa mwaka mmoja na mtungi mzima wa togwa! Mimi mwenyewe niliamini. Ilinichukua miezi kufahamu kwamba kuna mwanamke anayeamka na kusaga na kupika na kupoza na kusubiri, na yote hayo kwa ajili ya mteja mmoja anayekuja na mikono ya grisi.

Kalunde alikuwa wa mkono wa kushoto. Kwetu sote, huko kwao na kwetu pwani, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni matusi, na inaonekana alipokuwa mdogo alichapwa sana kwa ajili hiyo bila mafanikio. Hivyo alikuwa na namna yake. Alichota kwa kushoto, akamimina kwenye kopo, akaonja yeye kwanza kama ilivyo desturi, mpishi aonje mbele yako ujue hakuna ubaya, halafu akalihamisha kopo kwenye mkono wa kulia ndipo akakupa, huku ameinama kidogo. Yote hayo kwa mpigo mmoja. Aliyafanya kwa kila mtu, jioni nzima, na mimi nilikaa pale natazama mikono ile ikihamishiana kopo kama watu wanavyotazama mpira. Ikafika siku, sijui ni lini, mvua zilikuwa zimeanza, kilabu hakina watu, akanichotea togwa, akaonja, akanipa. Kwa kushoto. Hakuhamisha. Nilimtazama naye akanitazama, kisha akaenda kupepeta karanga zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu siku hiyo, tukiwa wawili tu, alinipa hivyo. Watu wakiwapo, alilihamisha kama kwa wengine.

Mapenzi yetu yalikuwa hayo. Najua vijana wakisoma watasema, ndiyo hayo tu? Ndiyo. Na matobolwa. Vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, wenyewe Wanyamwezi huvitafuna njiani, alinifungia kwenye kipande cha gazeti niende navyo kazini, na nilivitafuna chini ya mabehewa siku nzima mpaka taya zikauma. Jumapili akitoka kanisani nilipita mlango wa nyuma, nikamkuta anachambua majani ya kunde ya kuanika, Nyamizi amelala mgongoni kwake, nikakaa kwenye kinu kilicholala, na tukazungumza bila kutukanana. Ndipo niliposikia sauti yake halisi, ya chini, yenye kusitasita, ambayo kilabuni haikuwapo. Aliniuliza bahari inanukaje. Nikamwambia, akasema haamini, nikamwambia basi nitampeleka akainuse, akarudi kwenye majani yake.

Shida yetu ilikuwa kwamba mambo yote yalikuwa yameshasemwa. Watani huitana mume na mke, kila mtu anajua. Tangu wiki ya pili nilikuwa namwita mke wangu mbele ya kilabu kizima, na yeye ananiita mume asiyelipa mahari, na watu wanagonga mabenchi kwa kicheko. Sasa nikataka kusema kweli na sikuwa na maneno mengine. Jioni moja nilisimama, nimevaa shati la kola, nikamwambia mzee yule wa benchi la ndani, aliyekuwa baba mdogo wa Kalunde, kwamba nataka kumposa binti yake. Alicheka mpaka akapaliwa. Akawaita wenzake waje wasikie. Mtu mmoja akajitolea kuwa mshenga, mwingine akadai ng'ombe ishirini na treni moja. Mimi nimesimama pale, jasho linanitoka, nasema, "Nasema kweli, mzee wangu," na kadiri nilivyosema kweli ndivyo walivyozidi kucheka, maana hakuna mtani aliyewahi kuigiza vizuri kiasi kile. Nilimwangalia Kalunde. Alikuwa ameshika kata, hachoti, hacheki.

Siku chache baadaye nilifika mapema. Nilikuwa nimekaa nje, chini ya dirisha la chumba cha nyuma, nangoja saa kumi ifike, na ndani alikuwamo Kalunde na Mama Maganga, jirani aliyekuwa akimsaidia kuchuja wanzuki. Sikuwa na nia ya kusikiliza, lakini dirisha halikuwa na kioo.

"Yule Mzaramo wako hatanii tena," alisema Mama Maganga. "Mimi ni mtu mzima, naona."

"Naona na mimi."

"Basi?"

"Basi nini, mama? Kwao wanaswali. Mimi naishi kwa pombe. Nikimfuata nitaiacha, na nikiiacha huyu mtoto nitamlisha nini siku mume akinichoka? Nisipoiacha, mama yake atakula wapi kwangu? Atakunywa maji ya mtungi gani?"

"Huyo kijana atakuchoka? Yule?"

Nikasikia wanzuki inachuruzika kwenye mtungi. Kisha Kalunde akasema, "Na mimi nampenda, ndiyo maana sitaki kumtia aibu kwao." Na Mama Maganga akasema kwa Kinyamwezi neno ambalo sikulielewa, na wote wawili wakaendelea na kazi yao.

Uhamisho wangu ulipokwisha nilimwendea asubuhi, kilabu hakijafunguliwa. Akaniamkia, "Mwangaluka, mtani," nami nikaitikia kwa Kinyamwezi changu kibovu, lakini hakunisahihisha kama ilivyokuwa kawaida yake. Nikamwambia wazi, bila mchezo, kwamba naondoka kesho na kwamba natamani tuondoke wote watatu. Nilimwambia mama yangu nitamweleza. Nilimwambia nitafanya kazi mbili. Nilisema mengi, kijana akiwa anaomba huwa anasema mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainama akanichotea togwa, akaonja, akanipa kwa kushoto. "Wewe ni mtani wangu," akasema. "Mume anaweza kuniacha. Mtani haachi mtani, hata akitaka. Baki hapo hapo." Nikamuuliza, hivyo tu? Akasema, "Nikifa uje. Usitume mtu." Nikamuuliza, je, nikitangulia mimi? "Nitakuja kukucheka mpaka uone haya kulala mle." Nikanywa togwa yote, nikamrudishia kopo, nikaenda kufunga mizigo. Kwenye treni sikulia, nilikuwa na hasira mno. Niliona kwamba nimeomba maisha nikapewa kazi ya mazishi.

Nilioa, na nilioa mwanamke mwema, Mungu amrehemu, simsemi kwa ubaya. Kalunde hakuolewa tena. Miaka mingi hapakuwa na habari, kisha zikaja simu za mkononi, na Nyamizi akanitafuta kupitia watu wa reli, na tangu hapo mimi na mama yake tulitukanana kila wiki kama watoto. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Ningeanzia wapi? Kila nilipokaribia alinitania, nami nikamtania, tukacheka, salio likaisha.

Basi lilinishusha jioni, na bodaboda akanipeleka kota. Zimeuzwa zote, watu wamejenga kuta na mageti ya chuma, kila nyumba na rangi yake, nisingeweza kupotea tena kuingia kwa mtu. Kilabu kipo. Kimeongezewa baraza, kuna friji ya soda na bia, viti vya plastiki, televisheni iliyofunikwa kitenge kwa ajili ya msiba. Lakini mabenchi ya mninga yalikuwa yametolewa nje chini ya turubai, na kutoka chumba cha nyuma harufu ilikuwa ile ile. Nyamizi, mama wa watu wazima sasa, alinipokea mkoba wangu. Ndani yake nilikuwa nimeweka kitenge na kata niliyoinunua njiani. Nikaanza pale pale, ndiyo kazi, nikapaza sauti: "Yuko wapi huyu mwanamke aliyekula mahari yangu—"

Nyamizi akanishika mkono. "Baba, hapana," akasema taratibu. "Mama alikataza. Kazi hiyo kuna kijana wa Kizaramo hapo Mtendeni ataifanya, tumeshamwambia. Wewe alisema ukae na sisi."

"Nikae wapi?"

"Mkekani."

Sikumwelewa. Nikamwambia mkeka ni wa wafiwa, mtani hakai pale, watu watasema nini. Nyamizi machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa ametumwa na aliufikisha ujumbe. "Alisema, 'Mtani wangu amenichekesha vya kutosha. Akija mwacheni alie.'" Akaniongoza mpaka ndani, kwenye chumba kile kirefu, wanaukoo wa Kalunde wakasogea bila kuuliza, wakanipisha upande wa ukutani, mahali anapokaa mume wa marehemu. Nikakaa. Na nikuambie ukweli, chozi halikutoka. Nilikuwa nimejifunza mno kutolia kwa ajili yake. Usiku ule na asubuhi yake nilikaa nimekauka, nikipewa mikono ya pole na watu nisiowajua, wananiita baba, wananiita shemeji, na kila pole niliipokea kama kitu cha mtu mwingine kilicholetwa kwangu kwa makosa.

Kabla ya jeneza kutolewa, yule kijana wa Mtendeni akaanza. Alikuwa fundi simu, mwembamba, mchekeshaji kweli. Amevaa gauni la Kalunde na kitenge juu ya kifua, ameshika kata, anapita kwenye mabenchi akiwagawia watu maji kutoka kwenye ndoo, anawafokea walevi wa zamani kwamba jua limezama waende kwao. Watu walicheka na machozi yao. Lakini alikuwa anachota kwa mkono wa kulia. Hakuwahi kuona, hakuwapo. Nilivumilia kopo la kwanza na la pili, kisha nikasikia sauti yangu inatoka mkekani, kubwa, mpaka kila mtu akageuka.

"Kushoto!"

Kijana akasimama. "Shikamoo, mzee. Unasemaje?"

"Alikuwa anachota kwa kushoto. Unamimina. Unaonja. Halafu unahamisha kulia, ndipo unampa mtu. Na uiname kidogo."

Mwanamke mzee sana aliyekaa karibu na mlango, nikamtambua kuwa ni Mama Maganga, akatikisa kichwa kukubali. Kijana alijaribu, akakosea, akajaribu tena, na mara ya tatu akaipata, ile ile, kwa mpigo mmoja, na chumba kizima kikashusha pumzi kwa sababu Kalunde alikuwa amesimama katikati yetu. Akaja mpaka nilipokaa. Akachota kwa kushoto, akamimina, akaonja, akahamisha, akainama, akanipa kopo kwa mkono wa kulia, vizuri kabisa, kama alivyowapa watu wote. Lililobaki sikumfundisha. Nikapokea, nikanywa, na hapo nikalia, mbele ya ukoo wake wote na walevi wake wote, na hakuna aliyecheka.